Kikombe Kabla ya Tepu

Siku binti yake alipobeba kopo la sukari, kopo la majani ya chai na birika lenyewe, akavitia vyote kwenye buti la gari, Bi Pindo alikuwa na pini nne mdomoni na sketi ya mteja mkononi, kwa hiyo hakuweza kusema neno. Angeweza kuzitema, lakini fundi hatemi pini ovyo, na isitoshe alikuwa amepigwa na butwaa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele, kile alichokigeuza karakana yake tangu mumewe alipofariki, akalitazama gari likikata kona na birika lake ndani.

"Huyu mtoto kaniibia mchana kweupe," alisema alipokwisha kuzichomeka pini kwenye kimto, moja moja. "Birika langu! Nimemzaa, nimemlea, nimemsomesha, leo kanibebea birika!"

Mteja aliyekuwa akiingojea sketi nyuma ya pazia alikohoa kidogo, akalivuta pazia vizuri. Mambo ya mama na mwana, mgeni akiyaingilia huumia yeye.

Jina la Bi Pindo lilitokana na kazi yake. Nguo aliyoishona yeye ilichakaa, ikapauka, ikaishia kuwa tambara la kufutia meza, na pindo lake bado limeshika. Basi watu wakamwita hivyo mpaka hata wanawe wakazoea. Alikuwa nao wawili. Mkubwa ndiye huyo mwizi wa birika, msimamizi wa duka la rangi za nyumba, ambaye mdogo wake alimbandika jina la Meneja kwa utani, naye akalipenda. Huyo mdogo aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, dereva wa lori, mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye.

Chanzo cha yote kilikuwa zahanati. Bi Pindo alikuwa akichoka bila sababu, kiu haimwishi, uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano kwa ukungu wa macho. Meneja akampeleka, akapimwa, kipimo kikasoma kumi na nne, akaambiwa ana sukari. Muuguzi, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembeleza watoto, akaanza kumweleza ale nini na anywe nini. Lakini alipomuuliza mgonjwa anakunywa chai vikombe vingapi kwa siku, na Bi Pindo akajibu kwamba hajawahi kuvihesabu ila kila kimoja hutiwa vijiko vitatu, Meneja alishika kichwa kwa mikono miwili. Hapohapo simu yake ikalia, mtu anataka rangi ya dari, akatoka nje. Yaliyofuata hakuyasikia.

Bi Pindo aliyasikia yote. Muuguzi alisema chai haina kosa, kosa ni vijiko. Ikinywewa bila sukari, ya rangi au yenye maziwa kidogo, haimdhuru, tena majani yale yana mema yake kwa moyo na mishipa. Ila si dawa, kwa hiyo vidonge avimeze kama alivyoandikiwa. Aisogeze mbali kidogo na mlo, maana ikifuatana na maharage na mboga za majani, mwili unakosa sehemu ya madini ya chuma. Sahani yake nusu iwe mboga, wali upungue, atembee. Basi. Hapakuwa na habari ya birika kukamatwa.

Na kama ingekuwa chai ya kujiburudisha tu, huenda angevumilia. Lakini kwa Bi Pindo chai ilikuwa kifaa cha kazi, kama mkasi. Watu hawajui hili, fundi yeyote mzuri analijua: mtu akisimama mbele ya tepu anajidanganya. Anabana tumbo, anavuta pumzi, anainua mabega kama askari. Ukimpima hivyo na kumshonea hivyo, nguo itamfaa siku moja, siku ya kupimwa. Kwa hiyo Bi Pindo hakumpima mtu yeyote kabla hajamkalisha na kumpa kikombe. Mtu anapuliza, anakunywa, anaanza kusimulia habari za wakwe zake, tumbo linarudi mahali pake, ndipo tepu inapita. Hata yule muuza nyama wa pembeni, mwenye kitambi cha kutangulia mlangoni, aliwahi kupata suruali iliyofunga kifungo akiwa ameketi, akaapa hatashonewa na mwingine hadi kufa. Na mgeni hanywi peke yake, hiyo ni adabu tu. Kila mteja kikombe, na kila kikombe cha mteja kina mwenzake cha fundi. Hapo ndipo vile vijiko vilipojikusanya.

*

Jumapili wanawe wakaja pamoja. Bi Pindo akajua kuna jambo, maana Kitinda alikuwa hacheki. Meneja aliteremsha maboksi ya juisi ya matunda, akayapanga chini ya meza ya kukatia.

"Hii ndiyo utakunywa sasa, Mama. Ya matunda halisi. Ya afya. Hata mimi ndiyo nashinda nayo kazini." Akafungua moja, akainywa yote palepale kwa mikupuo miwili mikubwa, akafuta mdomo. "Halafu tumezungumza. Karakana tuifunge."

"Mmezungumza na nani?"

"Mimi na Kitinda."

"Mimi sikusema kitu," alisema Kitinda. "Nilikuwa naendesha, yeye ndiye alikuwa anaongea."

"Uje ukae kwangu," Meneja aliendelea. "Chumba kipo, nimekipaka rangi. Utapumzika, nitakuangalia unakula nini. Hapa kila anayeingia unamkaribisha chai, na wewe unakunywa. Unajiua, Mama. Mwisho wa mwezi ujao tufunge, ufunguo nipe mimi."

Bi Pindo aliweka mkasi chini. Alikuwa ameshona usiku na mchana kwenye chumba hiki kuwalea hawa wawili, na sasa wamemjia kumwambia apumzike kwa sauti ile wanayosemeshwa wagonjwa wasio na tumaini.

"Sikilizeni, wanangu. Mimi nina sukari, sijapungukiwa na akili. Ufunguo huu simpi mtu mpaka niwe nimelala chali mnanisomea. Lakini kwa kuwa mmekuja wawili kama baraza, nami nitoe langu. Muuguzi kasema nirudi mwezi ujao nikapimwe. Chai sitaiacha, sukari nitaiacha. Kama wakati huo sukari yangu haijashuka, nitakukabidhi ufunguo huu mwenyewe, na mashine zangu uzifunike. Ikishuka, mtu asinitajie kufunga karakana tena."

"Wewe? Chai bila sukari?" Meneja alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama, wewe unatia sukari hata kwenye uji wenye asali!"

"Ngoja uone."

"Haya. Shahidi Kitinda."

"Mimi naomba nisiwe shahidi wa kitu chochote," alisema Kitinda, lakini hakuna aliyemsikiliza.

*

Kesho yake Bi Pindo alichemsha chai kwenye sufuria. Birika limekwenda, maji hayakujua tofauti. Akatia majani mapya aliyoyanunua dukani, tangawizi na kijiti cha mdalasini, akamimina, akamkaribisha mteja, akachukua funda lake la kwanza lisilo na sukari tangu alipopata meno.

Ilikuwa mbaya. Tusidanganyane. Ilikuwa chungu, tena ya kukwaruza, na mkono wake ulikwenda wenyewe upande wa rafu lilipokaa kopo, ukakuta patupu. Alimeza. Akachukua funda la pili kwa hasira, na hasira ikamsaidia kulishusha. Kila alipotaka kuacha alimkumbuka Meneja akicheka pale karibu na maboksi, akapiga moyo konde na kunywa tena. Wengine huacha sukari kwa kuogopa kufa. Bi Pindo aliiacha kwa kukataa kuchekwa, na kwa kweli njia zote mbili zinafika.

"Fundi, hii chai imesahau kitu," wateja walisema.

"Haijasahau. Sukari yako iko kwenye karatasi hapo, jitilie. Mimi na yeye tumeachana."

"Kwa talaka ngapi?"

"Tatu!"

Ulimi nao ni mnafiki tu, ukinyimwa unasahau. Siku zilipopita alianza kuonja tangawizi kama tangawizi, na majani ya chai kama kitu kilichoota shambani kwenye jua. Chakula nacho kikabadilika. Sahani ikajaa mboga na maharage, wali ukakaa pembeni kama mwali, na samaki akaokwa badala ya kuogelea kwenye mafuta. Kikombe chake kilingoja mpaka mlo utulie. Nguo zilizokwisha alizipeleka mwenyewe kwa miguu badala ya kungoja wenyewe wazifuate. Na mchana kiu ilipombana, au pale moyo uliposema jamani, walau kidogo, alifungua boksi la juisi, ya matunda halisi, ya afya, akanywa kwa dhamiri safi kabisa.

Kabla ya siku ya kipimo chenyewe, Kitinda alirudi safari akamletea mashine ndogo ya kupimia sukari nyumbani. Bi Pindo akajichoma kidole kwa mbwembwe, kama mtu anayefungua matokeo ya mtihani aliousomea. Namba ikatokea. Ilikuwa juu vilevile. Tena ilikuwa imeongezeka kidogo.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliona karakana yote kwa mara moja: cherehani, pasi, vipande vya vitambaa kwenye kapu, pazia. Aliona mashine zake zimefunikwa shuka kama maiti. Machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni. Amejinyima hivi, amekunywa ule uchungu wote, halafu ashindwe?

Hakusubiri siku yake. Akaenda zahanati siku ileile, akamkuta muuguzi, akamwaga yote: chai bila sukari, mboga, vidonge, miguu inayouma kwa kutembea.

"Na kiu ikikushika unakunywa nini, mama yangu?"

"Juisi tu. Ya matunda halisi. Kaniletea binti yangu."

Muuguzi alifumba macho kidogo kisha akayafumbua. Akamweleza kwamba tunda zima ni tunda, lina nyuzinyuzi zake, mtu anatafuna, anashiba. Lakini juisi ile ni sukari ya matunda mengi iliyokamuliwa ikawekwa kwenye boksi moja, na mengi ya maboksi hayo huongezewa nyingine. Mgonjwa wa sukari anayeshinda nayo ni kama aliyefunga mlango wa mbele akaacha wa nyuma wazi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bi Pindo polepole.

"Kunywa maji, mama. Na chai yako hiyo hiyo."

Alirudi nyumbani akiwaka hasira. Akayatoa maboksi yaliyobaki, akayakata kwa mkasi mbovu wa karatasi, maana mkasi wa kitambaa usingestahili aibu hiyo, na kuyamimina kwenye mtaro mbele ya nyumba moja baada ya jingine, huku majirani wakitazama. Sisimizi walifika kabla hajamaliza. Muuza nyama akamuuliza kulikoni.

"Namwaga afya," alisema Bi Pindo, akaendelea kumwaga.

*

Jumapili ya hukumu ilifika. Bi Pindo alikuwa amekwisha kwenda zahanati na kupimwa, na muuguzi alimpa mkono wa pongezi. Lakini hakutaka kuwasimulia wanawe, alitaka waone kwa macho. Akawakalisha, akawamiminia chai, akaweka mashine katikati ya meza ya kukatia, akajichoma mbele yao.

Saba.

Kitinda alipiga makofi mpaka kikombe chake kikamwagika. "Mama! Ulikuwa kumi na nne! Meneja, umepigwa, kubali."

Meneja hakukubali. Aliitazama ile namba kama mtu anayetazama noti akidhani ni bandia. "Leo saba," alisema. "Kesho je? Akiwa peke yake hapa usiku akaanguka, nani atajua? Mimi naona mpango ubaki palepale. Mwisho wa mwezi tufunge."

"Tulikubaliana," alisema Bi Pindo. Sauti ilikuwa imeshuka, na wanawe wote wawili walijua ikishuka hivyo ni mbaya kuliko ikipanda. "Mbele ya shahidi."

"Nakujali, Mama!"

"Unanijali? Umeniletea sukari kwa maboksi ukaniambia ni afya. Nikiwa chali ningekuwa chali kwa mkono wako. Umeninyang'anya chai iliyokuwa haina kosa, sikusema. Zahanati ulitoka kabla muuguzi hajamaliza, sikusema. Leo nasema. Mimi si koti la zamani la kukunjwa na kuwekwa kabatini kwako ili ujue liko wapi!"

Meneja alinyoosha mkono, akachukua jagi la maji, akajimiminia bilauri, akanywa. Akajimiminia nyingine, akanywa. Alipoinama kuirudisha bilauri mezani, gauni lake lilimwachia mgongoni. Ndipo Bi Pindo alipolitazama vizuri. Gauni lile alilishona yeye, mwanzoni mwa mwaka, kwa mwili uliojaa. Sasa lilining'inia mabegani, na kiunoni Meneja alikuwa amelikaza kwa pini ya kufungia, akidhani mkanda umeificha.

Hasira ikamwisha Bi Pindo.

"Umekonda," alisema.

"Kazi nyingi."

"Na kiu hiyo?"

"Joto."

"Lete kidole."

"Mama, tusibadilishe mazungumzo."

"Lete kidole chako hapa!"

"Sipimwi!" Meneja alisimama. Akaificha mikono nyuma, kama alivyokuwa akiificha utotoni akiulizwa nani kala. "Mimi sina kitu. Mgonjwa ni wewe, sikuja hapa kupimwa mimi!"

"Nyani haoni kundule," alisema Kitinda, lakini safari hii hata yeye hakucheka.

"Na mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema Bi Pindo. "Ukaidi huo umeutoa kwangu, naujua unaanzia wapi na unaishia wapi. Kwa hiyo hutanishinda. Kaa."

Walitazamana. Meneja ndiye aliyekaa. Akatoa mkono, akageuza uso ukutani, na mama yake akamchoma upande wa kidole, pale pasipouma sana.

Ishirini na moja.

"Mashine yako mbovu," alisema Meneja. Akanawa, wakarudia. Mashine haikuwa mbovu.

Wiki zote hizi Bi Pindo alikuwa ameyatayarisha maneno ya kumpa binti yake vidonge vyake. Yalikuwa maneno mazuri, mengine alikuwa ameyajaribu kwa sauti akipiga pasi. Sasa aliyatafuta hakuliona hata moja. Alichokiona ni kidole cha mwanawe chenye tone la damu, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kwa ajili yake mwenyewe.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilikuwa nahisi." Meneja aliongea akiitazama meza. "Usiku naamka mara kwa mara kwenda msalani. Juzi dukani macho yalinipotea, nikashika rafu. Nilimtazama yule muuguzi akikuuliza maswali, na kila alilokuuliza nilikuwa nalo. Simu ilipolia nikashukuru Mungu nikatoka." Akavuta pumzi. "Naishi peke yangu, Mama. Nilitaka uje. Nilitaka tu mtu awepo."

Kitinda aligeukia dirishani. Ile hasira ya Bi Pindo ikarudi, lakini ilikuwa imegeuka njia.

"Basi ungesema! Mbona umekuja kunidai ufunguo badala ya kuja kulia hapa? Nimekutilia vijiko vitatu tangu ulipoachishwa ziwa, ulidhani nitakucheka? Sihami. Sikia vizuri, sihami, na karakana hii haifungwi na mtu. Chumba cha nyuma kipo, utakuja kulala hapa mpaka hiyo namba ishuke. Utakula ninachokula. Chai utakunywa bila sukari, utanichukia, utaizoea."

"Na duka la rangi?"

"Utakwenda, utarudi. Nani kasema uache kazi? Mtu hafungiwi kwa ajili ya ugonjwa. Mimi nimekwisha kulithibitisha hilo, au hukuiona ile saba?"

Meneja alicheka na kulia kwa pamoja. Akauchukua mkono wa mama yake, akauweka shavuni, na Bi Pindo akauacha hapo.

Asubuhi wateja wawili walimkuta akipiga komeo mlango wa karakana. Tangu waijue, hawakuwahi kuiona imefungwa siku ya kazi.

"Fundi! Kwa hiyo watoto wamekushinda?"

"Nani kanishinda? Nimeifunga mwenyewe, na kesho naifungua mwenyewe. Njooni kesho."

Zahanati ilikuwa imejaa. Meneja alikaa kwenye benchi bila simu, ameibana mikono katikati ya magoti, na Bi Pindo alikaa karibu yake, bega kwa bega. Zamu yao ilipofika, muuguzi alimtambua Bi Pindo, akatabasamu, akamnyooshea mkono kumsaidia kuinuka.

"Karibu, mgonjwa wetu."

Bi Pindo hakuinuka.

"Ni mimi," alisema Meneja, akasimama.